Mtu ni Udongo, Basi Anywe Mbolea

Kwa miaka kumi na mmoja Kache wa Munga alikuwa akiozesha takataka nyuma ya nyumba yake Mishomoroni, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyemwita mtaalamu. Walimwita Mama Jaa.

Jina lenyewe halikuwa la uongo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha mboga, alipita kwa wauza nazi kuchukua machicha, akapita kwa mama wa viazi karai kuchukua maganda, akapita kwa mfuga kuku kuchukua samadi. Njiani akiona majani makavu yamefagiwa yakawekwa pembeni, aliyaomba kwa adabu kama mtu anayeomba unga kwa jirani. Vyote alivitia shimoni, akavifunika kwa makuti, akavinyunyizia maji, na kila baada ya wiki mbili akavigeuza kwa uma wa shamba hadi jasho likamloesha leso. Miezi minne au mitano ikipita, kile kilichoingia shimoni na harufu ya kufukuza wageni kilitoka cheusi, chepesi, kinanukia kama ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza.

Alikuwa na haja nacho. Shamba lake, ukubwa wake wa kuanikia mashuka manne, lilikuwa mchanga mweupe mtupu, na maji ya kisima yalikuwa na chumvichumvi kwa kuwa mkono wa bahari hauko mbali. Mwaka wa kwanza alimwaga ndoo kumi alfajiri, na kufikia adhuhuri mchanga ulikuwa umeyameza yote na kujipangusa mdomo. Mchicha uliota na kingo zilizoungua, ukasimama wiki moja kama mgeni aliyekosa kiti, ukafa. Sasa ndoo tatu zilimtosha. Ukichota udongo wake na kuufumbata, ulikaa donge. Ukiusukuma kwa kidole, ulimeguka. Mchicha, mchunga na bamia vilisimama hata katika jua la Januari.

Majirani waliona. Lakini hawakuuliza kilichomo shimoni. Walisema tu kwamba Mama Jaa ana mkono mwema, na wengine wakasema, kwa sauti ya chini, kwamba hakosi mganga wake huko Kaloleni.

Mumewe, Karisa, alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha unga Changamwe baada ya miaka thelathini ya kuamshwa na king'ora. Alikuwa mtu mwema, mpole, asiyelewa wala kupiga. Alikuwa na udhaifu mmoja tu: aliamini jambo lolote lililosemwa kwa kipaza sauti.

Na kipaza sauti kilikuja, mkononi mwa Erastus.

Erastus alikuwa mtu wa bara aliyekaa Kiembeni miaka ishirini, karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini hadi kampuni ilipofunga. Alivaa suti katika jua ambalo mbuzi mwenyewe alitafuta kivuli. Mwezi wa pili alikwenda Nairobi kwenye semina ya siku mbili, akarudi na maboksi sita, kipaza sauti, na cheo cha udaktari. Jumapili ile ile, ibada ilipokwisha, mchungaji akampa dakika kumi ukumbini. Alitumia saa moja na nusu.

“Wapendwa,” alisema, akiinua chupa ya maji meusi tititi, “hii maji munaona hapa inaitwa Humidhahabu.”

“Maji haya,” alinong'ona Eddah, kiongozi wa kwaya, ambaye alizaliwa Rabai na hakuweza kuvumilia Kiswahili kilichovunjika hata kanisani. “Yanaitwa.”

“Ndani iko asidi ya humiki. Hii ndio roho ya udongo! Majani ikioza, wanyama ikioza, miaka mingi, inabaki hii kitu nyeusi. Inashika maji kama sponji. Inashika chakula ya mimea isiende na mvua. Inapunguza chumvi. Na sikilizeni vizuri: inakamata sumu. Risasi, zebaki, yote inakamata!”

Hadi hapo, kwa haki, Erastus hakuwa amedanganya. Angekaa chini wakati ule, hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikuwa ameshika kipaza sauti.

“Sasa niwaulize. Mungu aliumba mtu kwa nini?”

“Kwa udongo!” ukumbi ukajibu.

“Mtu ni nini?”

“Udongo!”

“Basi kama inasaidia udongo...”

Hakumaliza. Hakuhitaji. Kina mama waliguna kwa mshangao wa watu walioona mlango pale walipodhani pana ukuta. Mzee mmoja alitoa kofia akapapasa upara wake kwa matumaini. Karisa, aliyekaa safu ya tatu, alihisi nywele zikimsimama mikononi. Miaka thelathini kiwandani hakuna aliyewahi kumweleza jambo likaingia moja kwa moja namna ile. Alirudi nyumbani na chupa mbili.

Lebo ilisema: *Kifuniko kimoja kwa lita ishirini za maji. Nyunyizia mimea. Weka mbali na watoto.* Karisa aliisoma kwa makini, akamfafanulia mkewe.

“Lita ishirini ni kwa mimea. Mtu ni bora kuliko mmea, kwa hiyo anakunywa bila kuchanganya.”

“Na hii ya watoto?” Kache aliuliza, akichambua mchunga.

“Ni kwamba nguvu zake ni za watu wazima.”

Akanywa kifuniko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Akaona ni tamu. Akaongeza cha adhuhuri.

Wiki tatu hazikupita kabla kanisa lote halijagawanyika pande mbili, wenye ndimi nyeusi na wenye ndimi za kawaida, na wenye ndimi nyeusi walicheka kwa kufungua midomo zaidi. Eddah alisema sauti yake ya juu imerudi ilipokuwa kabla ya watoto. Mzee wa upara alipaka kichwani kila siku na kwenda kusali akiwa na kichwa kinachong'aa kama kiatu cha askari, nzi wakimfuata hadi mlangoni. Karisa alisema tu kwamba anajisikia “ana rutuba”. Akafanywa Balozi wa Shaba. Akiwaingiza watu kumi angekuwa wa Fedha, na juu kabisa, mahali ambapo Erastus alikuonyesha kwa kidole kwenye picha ya mlima, palikuwa na Mabalozi wa Almasi, ambao hawakufanya kazi yoyote tena ila kuhudhuria semina.

Tangu hapo Karisa akaanza kuona haya kwa ajili ya shimo.

“Mama Velma,” alimwambia mkewe siku moja, “watu wanakuja hapa kuniona. Watu wa sayansi. Wanakuta harufu ya machicha.”

“Hiyo harufu imekulisha miaka kumi na mmoja.”

“Sikatai. Lakini wewe unaozesha takataka, sisi tunaeneza asidi ya humiki. Huoni zinavyogongana?”

Kache hakuona zinavyogongana. Aliendelea kugeuza.

Jumamosi iliyofuata binti yao Velma alivuka feri kuja kuwaona. Velma alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari huko Shika Adabu, upande wa Likoni, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja mwenye subira ya mtu aliyezoea kurudia jambo mara nne. Alisalimu, akapokewa, akaiona chupa juu ya meza. Akaisoma lebo. Kisha akaweka mkono mdomoni akacheka hadi machozi.

“Baba, unajua asidi ya humiki iko wapi kwa wingi katika mtaa huu?”

“Kwa Daktari Erastus.”

“Shimoni kwa mama.”

Karisa akakunja uso. Velma hakubishana. Alikwenda nyuma akachota kikombe cha mboji, akaomba magadi, yale yale ambayo mamake aliyatia kwenye maharagwe, akayayeyusha kwa maji ya moto, akamimina juu ya mboji na kukoroga. Wakanywa chai wakisubiri. Alipochuja kwa kitambaa, maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa ya tangawizi iliyosahauliwa jikoni.

“Hii ndiyo chupa yenu,” Velma alisema. “Sasa tazameni.”

Akamimina nusu kwenye glasi, nusu akaiweka chupani, kisha akakamua ndimu juu ya glasi, moja, mbili, hadi sita. Maji yalifoka povu. Povu lilipotulia, weusi ulianza kujikusanya vipande vipande, kama maziwa yaliyokatika, ukateremka polepole hadi chini ya glasi. Juu yakabaki maji ya manjano, rangi ya chai ya rangi iliyopauka.

Kache aliinama hadi pua ikakaribia glasi. Miaka yote ile alikuwa ameishika mboji kwa mikono yake na hakujua kwamba ndani yake mna mambo haya.

“Ule ulioanguka ndio asidi ya humiki,” Velma alimweleza. “Magadi huuyeyusha, ukali wa ndimu huuangusha. Hii ya manjano ni ndugu yake, haianguki kwa magadi wala kwa ndimu, yenyewe huogelea tu. Na yale yaliyobaki kwenye kitambaa hayayeyuki hata uyafanyeje. Vitu vikioza, vijidudu hula kilicho laini, na kingine hupotea hewani. Kile kigumu kinachobaki ndicho hiki. Ndicho kinachoshikamanisha mchanga wako, mama, na kukuwekea maji.”

Kache alifikiri kidogo. “Ni kama ndugu za babako. Mmoja ukimbembeleza anayeyuka, ukimkaripia anaanguka. Mmoja anaogelea tu, hana habari. Na yule wa Mariakani hayeyuki hata umchemshe.”

“Basi tujaribu na ya baba,” Velma alisema akinyoosha mkono.

Karisa aliifumbata chupa kifuani. “Dawa haijaribiwi,” alisema. “Ukiijaribu, imani inavuja.”

Hakuitoa. Velma alirudi Likoni jioni ile, na kabla ya kuondoka alimshika mamake bega akamwambia ampeleke baba zahanati akapimwe, kwani amenenepa uso na anakojoa sana. Kache aliahidi. Lakini wiki iliyofuata Karisa hakushikika. Alikuwa na shughuli.

Shughuli yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ilikuwa inamtuma Mkurugenzi wa Kanda kutoka Nairobi kuja kujionea jinsi Humidhahabu ilivyobadilisha mchanga wa pwani. Erastus alitakiwa amwonyeshe shamba la mfano. Sukuma wiki aliyoipanda mwenyewe Kiembeni, akainywesha chupa nzima kwa wiki, ilikuwa imeota siafu. Mkewe, Roseline, alikuwa ameing'oa kwa mkono mmoja akaitupia kuku. Balozi yeyote aliyeulizwa kama ana shamba alikuwa na udhuru, kwani wote walikuwa wameinywa. Ndipo Erastus alipomwita Karisa pembeni.

“Mzee wangu, mchicha ya mama iko sawa sana.”

“Mchicha wa mama,” Karisa alisema. Kisha akaelewa anachoombwa. Alijikuna shingo. Alifikiria mlima ule kwenye picha, na watu waliosimama juu yake kwa suti nyeupe, wakipungia mkono watu wa chini. “Jumamosi,” alisema, “huwa anakwenda Kongowea asubuhi.”

Jumamosi Kache aliporudi kutoka sokoni, saa tatu na kitu, alikuta hema limesimamishwa uani, viti vya plastiki themanini, na bango lililochomekwa katikati ya tuta lake la bamia: SHAMBA LA MFANO LA HUMIDHAHABU. Bamia mbili zilikuwa zimevunjika. Shimo lake lilikuwa limefichwa kwa pazia la kanisa.

Karisa alikuwa katika suti aliyoolea. Alimwona mkewe, akaanza kumweleza kiti kilivyo imara.

“Karisa,” alisema Kache.

“Mama Velma, ni saa moja tu. Watakunywa soda, wataondoka.”

“Nani amenivunjia bamia?”

Wakati huo gari lilisimama na Mkurugenzi wa Kanda akashuka. Jina lake Brandon, kijana wa miaka kama ishirini na saba, viatu vyeupe vya ncha, manukato yaliyotangulia kufika. Watu walipiga makofi. Kache aliweka kikapu chini, akafunga leso vizuri, akaenda kumpa mkono, maana mgeni ni mgeni.

“Karibu, mwanangu.”

“Asante, mamangu! Kumbe wewe ndio mama wa shamba!” Brandon alimgeukia Erastus na kuashiria kipaza sauti. “Wapendwa, tuanze na ushuhuda. Mama, waambie hawa watu. Kabla ya Humidhahabu, hapa palikuwaje?”

Kache alikishika kipaza sauti kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika samaki bila kujua alivuliwa lini.

“Palikuwa mchanga,” alisema. Sauti yake ilimshtua mwenyewe kwa ukubwa.

“Mchanga!” Brandon aliwaambia watu. “Na ukatumia chupa ngapi?”

“Sijatumia hata moja.”

Karisa aliangalia viatu vyake. Brandon alicheka kwa meno yote. “Mama ni mnyenyekevu sana. Watu wa pwani, unyenyekevu tu!”

“Si unyenyekevu, baba. Kaa kidogo.”

Akaenda akalivuta pazia la kanisa. Shimo likaonekana wazi mbele ya watu themanini, na makuti yake, na maganda ya viazi ya jana juu yake. Kisha akaingia jikoni akatoka na glasi mbili na ile chupa iliyobaki tangu siku ya Velma ikiwa na maji ya mboji na magadi, akaokota na kikapu chake cha ndimu alizotoka kununua Kongowea kwa ajili ya achari. Alivipanga mezani mbele ya Mkurugenzi. Akamwomba Erastus chupa mpya, iliyofungwa bado. Erastus aliitoa bila wasiwasi wowote, na hilo Kache alilikumbuka baadaye: mtu yule aliamini.

“Mwanangu Velma ni mwalimu wa kemia,” aliwaambia watu. “Amenifundisha kwamba asidi ya humiki ikikutana na ndimu huanguka chini. Glasi hii ni ya shimo langu. Hii ni ya chupa.”

Akakamua. Watu wa nyuma walisimama juu ya viti. Glasi ya shimo ilifoka povu, ikatulia, ikaanza kukatika, na weusi ukateremka chini mbele ya macho yao. Glasi ya chupa ilikaa vile vile. Akaongeza ndimu. Ikakaa vile vile. Akachovya kidole, akaramba.

“Ni molasi,” alisema. “Ile ya ng'ombe.”

Erastus naye alichovya. Aliramba, akaramba tena, na uso wake ukabadilika taratibu kama wa mtu anayesoma barua mbaya mstari kwa mstari. Alimgeukia Brandon.

“Bosi?”

Lakini Brandon alikuwa ameshakipokonya kipaza sauti. Haikumchukua hata pumzi mbili.

“Wapendwa mmeona! Hiyo ya mama imeshindwa na ndimu. Ndimu tu! Imeanguka! Lakini Humidhahabu imesimama! Haishindwi! Haianguki!”

Na hema zima, Bwana asifiwe, likapiga makofi. Mzee wa upara alipiga kigelegele ambacho si desturi ya wanaume. Karisa naye viganja vyake viligusana mara mbili kabla hajavizuia. Kache alisimama na ndimu iliyokamuliwa mkononi. Alikuwa ametegemea hasira, au aibu, au hata kutukanwa. Makofi hakuyategemea.

Ni Eddah aliyeinuka. Katika kwaya alikuwa na sauti ya kukata vioo, na hakuhitaji kipaza sauti.

“Ngojeni! Ngojeni, jamani! Mama Velma amesema ile ya kweli ndiyo inayoanguka. Sasa ile ya kweli iko shimoni. Na shimo lile pale!”

Watu themanini wakafikiri jambo moja. Kisha viti vikaanguka.

Walilikimbilia shimo kwa vikombe vya soda, kwa kofia, kwa mikono. Mtu mmoja alichota kwa kiatu. Mzee wa upara alipiga magoti akajipaka kichwa kizima mboji mbichi yenye ganda la kiazi ndani yake. Eddah alikuwa wa kwanza kujaza kikombe, na alikuwa ameshakiinua mdomoni Kache alipomfikia na kumshika mkono.

“Eddah! Mulungu wangu! Hiyo ni jaa! Mna vinyesi vya kuku humo!”

Eddah alikitazama kikombe. Akamtazama Kache.

“Vya kienyeji?” akauliza.

Hapo ndipo Kache alipochukua uma wake wa shamba, akapanda juu ya shimo, akasimama katikati ya takataka zake, miguu ikizama hadi vifundoni.

“Sikilizeni! Anayetaka kunywa, akanywe uji! Kitu hiki ni chakula cha mchanga. Si cha tumbo, si cha upara, si cha sauti ya juu. Anayetaka kujua kinavyotengenezwa nitamfundisha bure, leo hii, aanze kukusanya maganda, na baada ya miezi mitano ataona. Nani anataka?”

“Miezi mitano?” mtu aliuliza kutoka nyuma.

“Mitano.”

Watu wakaanza kukumbuka shughuli zao. Vikombe viliwekwa chini kwa heshima. Baada ya robo saa hema lilikuwa na viti vitupu, na Brandon amesimama karibu na shimo, viatu vyake vyeupe amevitenga na ukingo kwa tahadhari, akimwambia Kache kwa sauti ya chini kwamba wanaweza kuzungumza. Kampuni ingelichukua shimo lote, ingeweka lebo mpya, na yeye angeanzia moja kwa moja kwenye Almasi.

“Na mchanga wangu utakula nini?” Kache alimuuliza.

Brandon hakuwa amewahi kufikiria mchanga kama mtu anayekula. Aliaga, akaingia garini, na gari likaondoka na boksi la soda ambalo halikuwa limefunguliwa.

Mtu mmoja tu alibaki kitini. Alikuwa Roseline, mke wa Erastus, mikono mapajani.

“Shikamoo, mama,” alisema. “Mimi nataka hiyo ya miezi mitano.”

Jioni ile, kabla jua halijazama, Karisa alitoka nje amevaa kaptula yake ya zamani ya kiwandani. Alizipanga upya zile bamia, akazifunga mbili zilizovunjika kwa vijiti, kazi ambayo haikuwa na faida yoyote kwani bamia iliyovunjika imevunjika. Kache alimwangalia kutoka mlangoni, hasira yake bado nzima.

“Miaka thelathini,” Karisa alisema bila kugeuka, “nilikuwa nasikiliza mashine. Nilitaka siku moja nami nisimame mbele, watu wanitazame.”

“Ungeniambia, ningekupa uma. Leo umeona walivyonitazama.”

Karisa alicheka kidogo, na Kache naye akacheka, ingawa hakutaka.

Jumatatu Kache alimpeleka zahanati. Muuguzi, mwanamke mkali mwenye miwani, alimchoma kidole, akasoma kipimo cha sukari, akampima tena kwa kudhani kimeharibika.

“Mzee, umekuwa ukila nini?”

“Sijala kitu. Nimekuwa nikinywa mbolea.”

“Mbolea gani hii tamu?” muuguzi akauliza. Hakuwa anatania. Aliandika jina kwenye faili, akatoa faili nyingine saba kutoka chini ya meza, za watu wa Mishomoroni na Kiembeni, akalinganisha yaliyoandikwa juu ya ndimi zao nyeusi. Karisa alipewa vidonge na orodha ndefu ya vitu asivyopaswa kuvigusa tena. Aliitii yote. Alikuwa mtu mtiifu, na muuguzi alikuwa na sauti kubwa.

Erastus alijifungia nyumbani kwake wiki mbili kwa aibu. Alipotoka, alitoka bila suti, akapita nyumba kwa nyumba kwa wote aliowauzia, akiwaeleza kwamba naye alidanganywa. Wengi walimsamehe. Wachache walimuuliza kama amebakiwa na chupa, kwani ilikuwa inakwenda vizuri sana na chai. Alirudi nyumbani akawa anamsaidia Roseline kugeuza lundo lao nyuma ya nyumba. Mwezi wa tatu wa lundo alikuja Mishomoroni akihema.

“Mama, ile kitu inatoa moshi! Ukiweka mkono ndani inachoma!”

“Ni vijidudu vinafanya kazi. Vinakula.”

“Ni kawaida?”

“Ni kawaida. Igeuze, itie maji, usiwe na haraka.”

“Hakuna kitu ya kuongeza, ya kufanya iende mbio?”

Kache alimtazama mtu huyu mzima, kucha zimejaa uchafu, uso wake una jua halisi la kwanza tangu ahamie pwani. “Ipo,” alisema. “Subira. Na hiyo haina lebo.”

Mvua za masika ya mwaka uliofuata zilikuwa kubwa. Zilichukua mchanga wa mashamba ya jirani hadi mkono wa bahari, na barabara ikabaki mifupa ya mawe. Matuta ya Kache yalishika. Kiembeni, Roseline alivuna sukuma wiki ya kwanza, majani manane, akayapanga kwenye sinia na kumletea Kache kwa miguu yake, wakala pamoja na Karisa wakiyasifu zaidi ya yalivyostahili.

Jumapili iliyofuata Eddah alimsubiri Kache mlangoni mwa kanisa. Alimvuta pembeni, akaangalia kama kuna anayesikia.

“Mama Velma, dada yangu, najua ulisema si ya kunywa. Mimi sinywi. Lakini haya maji yanayotiririka chini ya shimo... mtu akiosha miguu tu? Nyayo zangu zimepasuka.”

Kache alifungua mdomo amweleze habari za mchanga, na za magadi, na za ndimu, na za vijidudu. Aliitazama miguu ya Eddah. Alikumbuka njia ya kurudi nyumbani jinsi ilivyo ndefu, na kwamba kulikuwa na mchicha wa kuchuma.

“Osha,” alisema. “Kisha uoshe tena kwa sabuni.”

Na nyayo za Eddah, zikisuguliwa kwa sabuni kila siku kwa mwezi mzima, zikalainika kabisa.